Mkono wa Gauni

Mtu akikuambia jengo letu lina vyumba kumi na tisa, jua changu hakukihesabu. Changu ni cha ishirini, pale chini kabisa, ukishaingia geti mkono wa kulia, kabla hujafika kwenye bomba. Zamani kilikuwa stoo ya rangi. Mwenye nyumba alinipa nikae humo kwa sababu ngazi zilikuwa zimeshanishinda, na kwa sababu sikuwa na pa kwenda asubuhi. Katika mji huu mtu asiye na pa kwenda asubuhi ni mali. Wenzake wote wanatoka, yeye anabaki.

Ndivyo nilivyoanza kutunza funguo. Mwenye nyumba hutoa ufunguo mmoja kwa kila chumba, na ole wako ukachongeshe wa pili. Sasa mume anaingia kazini saa nne, mke anatoka kwake saa nane, ufunguo ukae wapi? Chini ya zulia la mlangoni? Hilo zulia lenyewe litaibiwa. Wakaanza kuniachia mimi, mmoja mmoja, mpaka watu wazima na heshima zao wakawa wananiita Bibi Funguo.

Shule niliiacha darasa la tatu. Namba nazijua, ila zile zilizopigwa kwenye funguo ni ndogo kama mayai ya chawa na macho yangu hayazifikii. Kwa hiyo nikatafuta njia yangu. Kila chumba kiliniletea nguo yake kuukuu, nikakata kwa mkasi vipande vya urefu wa kidole. Kipande kimoja nakifunga kwenye msumari wa ufunguo wao, vingine wanatembea navyo, mume chake, mke chake. Ukija unanionyesha kitambaa chako, nakilinganisha na cha msumarini, vikilingana unachukua ufunguo. Kisha kile cha msumarini nakihamishia nje, kwenye kamba iliyo juu ya mlango wangu. Mwenzako akiingia getini anatupa jicho kwenye kamba. Akiona kitambaa chao, anajua chumbani kuna mtu, anapanda moja kwa moja. Asipokiona, anakuja kugonga kwangu. Miaka sita, hakuna aliyelala nje, wala aliyeibiwa hata kijiko.

Aliyenikataa ni mmoja tu. Ni msusi, chumba chake kinatazamana na changu, ua uko katikati. Tunamwita Mama Redio, maana redio yake huamka kabla ya jogoo na kulala baada ya walevi. Miezi kumi na moja iliyopita alisimama pale bombani, ndoo zimepangana na watu wamejaa, akasema kwa sauti yake ile: "Niache ufunguo wangu kwa mtu anayesoma matambara? Siku moja atampa mwizi, na chai atamkaribisha!"

Watu walicheka. Na mimi nilicheka, ili nisilie. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Alikuwa akikaa mlangoni kwake akisuka, mimi mlangoni kwangu nikichambua mchele, tukitazamana kama majogoo wawili wasio na nguvu ya kupigana.

Sasa niwaambie habari za Kimya.

Alikuja miezi minane nyuma, na mfuko mmoja wa plastiki na gauni la buluu lenye madoa meupe ambalo mkono wake mmoja haukuwepo, tangu begani. Jina hilo alipewa na fundi viatu anayekaa getini, baada ya kumsalimia wiki nzima na kujibiwa kwa kichwa. Kazi alipata kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Kule chuma hakiruhusiwi karibu na mashine. Hata pini ya nywele wanaivua mlangoni, na simu zinafungiwa kabatini mpaka saa ya kutoka. Kwa hiyo ufunguo akaniachia mimi. Nilipomwomba nguo ya kukata, alinipa lile gauni.

"Likate hili, bibi. Mimi silihitaji tena."

"Lingeshonwa, mwanangu. Mkono tu umetoka."

"Mkono wake umebaki kwa aliyeuvuta," akasema. Halafu akaninong'oneza, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake: "Bibi, akija mwanamume kuniulizia, hunijui. Safari ile nilitoka na roho yangu. Sijui kama nitatoka nayo tena."

Sikuuliza zaidi. Mtu mzima haulizi kovu, analiona.

Jumanne ya wiki ile ninayoisema, alikuja mgeni kutafuta chumba cha kupanga. Shati jeupe, miwani, shikamoo yake ya kuinama. Nilimwambia hakuna chumba. Hakuondoka. Akakaa, akanisifu. Alisema hajawahi kuona jengo lenye utaratibu kama letu, lazima kuna mtu mwenye akili nyuma yake. Mzee akisifiwa ni kama mtoto aliyebebwa, hataki kushushwa. Nikamweleza yote: misumari, vipande, kulinganisha. Nilikuwa naelekea kumwambia habari za kamba ya nje, chungu kikafurika jikoni nikakikimbilia. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya misumari, mikono nyuma, akitazama vitambaa kama mtu anayetazama picha za harusi. Akashukuru, akaenda zake.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Alhamisi, saa saba mchana, jua limesimama wima uani na jengo liko tupu. Hata fundi viatu alikuwa ameacha kiti chake getini kwenda kununua gundi. Redio ya ng'ambo ilikuwa inapiga kelele peke yake. Mtu akaingia amevaa ovaroli na kofia, kijasho kinamtoka.

"Shikamoo bibi. Dada kanituma vyeti vyake, kazini wanavitaka sasa hivi. Huyu wa kiwanda cha kufua."

Akanyoosha kiganja. Juu yake kuna kitambaa kimekunjwa, cha buluu, madoa meupe. Nikakisogeza kwenye msumari wa Kimya. Buluu na buluu, doa na doa. Uso wake sikuutazama. Miaka sita nilikuwa nimejizoesha hivyo: watu wa mji huu wana shemeji, wana binamu, kila siku kuna sura mpya, na mimi nilishaamua kwamba sura inadanganya na kitambaa hakidanganyi. Nikampa ufunguo. Akauchukua, akapanda ngazi mbilimbili, kitambaa akaniachia mkononi.

Nikatoka nje kutundika cha msumarini kwenye kamba, kama kawaida yangu. Kule kwenye mwanga, kile alichoniachia kikajikunjua chenyewe. Kilikuwa kirefu kuliko kidole. Kilikuwa na kishikizo, halafu kingine. Ulikuwa mkono mzima wa gauni, na upande wa begani nyuzi zinaning'inia kama ndevu.

Vitambaa vyangu mimi hukatwa kwa mkasi. Hiki kilichanwa.

Nikarudi ndani kutafuta simu. Nilikuwa bado nabonyeza vibaya, kivuli kikaziba mlango.

"Hayupo," akasema.

"Nani, mwanangu?"

"Bibi, tusichezeane. Anatoka saa ngapi?"

Akavua kofia, na ndipo nikamjua. Mtu wa Jumanne, bila miwani.

"Sijui. Wengine hurudi jioni sana."

"Hamna neno, mimi si mtu wa haraka." Akanichukulia simu kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemwondolea mtoto mchanga kitu cha hatari. "Hii nitakushikia. Macho yako yapumzike." Akavuta kigoda changu, akakiweka nyuma ya mlango, pale ambapo anayeingia hamwoni aliyeketi mpaka awe ameshaingia. Akakaa. Ufunguo wa Kimya ukaingia mfukoni kwake. Mezani palikuwa na mkasi wangu, akauchukua, akaanza kuchokonoa kucha zake.

Saa ya ukutani ilikuwa saba na dakika ishirini. Kimya hufika saa nane na nusu. Hachelewi. Na kamba haitazami kamwe, kwa nini aitazame? Anaishi peke yake, hana mwenzi wa kumtangulia. Huingia getini kichwa chini, hukata ua, na anapotamka "Bibi, nimerudi" mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

Utasema, ungepiga kelele. Kelele ya nani ishindane na redio ile? Na hata kama angesikia mtu, yule angetoka mbio akamvizie barabarani, kati ya kituo cha basi na geti. Huko angemkuta peke yake. Hapa kwangu, angalau nilikuwa namwona. Mtego umeshategwa mlangoni kwangu, nikasema moyoni, basi nibaki karibu nao.

"Umenitunzia mke wangu vizuri," akasema.

"Mimi natunza funguo."

"Ana kichwa kigumu, hukumwona? Nataka tu kuzungumza naye."

"Mazungumzo hayataki mkasi, mwanangu."

Akacheka. "Huu si wako, bibi?"

Mikono yangu haijui kukaa bure, na woga ukikuta mikono imekaa unakua. Nikavitazama vitambaa pale misumarini, kumi na saba vilivyobaki, vumbi la miaka limevikaa. Wazo likaja polepole, kama maji ya bomba letu, yanaanza kukohoa kabla hayajatoka.

"Ngoja nifue hivi," nikasema. "Vimechafuka, na wewe Jumanne ulivitazama sana nikaona haya."

Alinitazama. Akatazama beseni. "Fua. Lakini hapahapa."

Nikavifungua kimoja kimoja. Nikaweka maji, sabuni. Nilivifua kwa subira kama nguo za maiti, na saa inatembea. Saa nane kasoro kumi nikasimama mlangoni na beseni kiunoni, nikaanza kutundika. Cha mwalimu wa ghorofa ya pili. Cha mke wa fundi viatu, chekundu. Cha wale madada watatu wa sokoni. Vyote kumi na saba juu ya kamba. Cha Kimya nilikuwa nimekificha kifuani, kwa sababu kile angekitambua.

Yeye aliona mwanamke mzee anaanika matambara. Lakini mtu yeyote wa jengo letu, akiangalia kamba ile, alikuwa anasoma jambo lisilowezekana: saa nane ya mchana, siku ya kazi, kila mlango umefunguliwa, kila chumba kina mtu.

Nikarudi kukaa, nikangoja wa kwanza.

Wa kwanza akawa fundi viatu. Ningeambiwa nichague, yeye ningemweka wa mwisho. Mtu mwema, ila akili yake ni kama soli mpya, haipindi mpaka uitembelee siku tatu. Akaja na kopo lake la gundi, akaishia nje ya kizingiti.

"Bibi, mke wangu karudi?"

"Karudi."

"Katoka sokoni saa hizi?"

"Wote wamerudi leo, baba. Jengo zima."

Akakuna kichwa. "Mbona mimi sikumwona mtu getini?"

Nyuma ya mlango mkasi ukaacha kulia. Nikasema haraka, "Panda ukamwangalie, labda anaumwa."

"Haa, basi ngoja nimwone." Akapanda. Nikamsikia hatua kwa hatua mpaka ghorofa ya tatu, nikasema moyoni, atakuta kufuli, atasimama pale afikirie mpaka kesho.

"Maneno mengi, bibi," yule akasema.

"Uzee, mwanangu."

Saa nane na dakika kumi na tano. Redio ikashushwa sauti kidogo. Nikainua macho, nikaona jambo ambalo sikuliona kwa miezi kumi na moja: Mama Redio anakata ua, chanuo limechomekwa kichwani, vidole vina mafuta, anakuja kwangu. Ndipo nilipojua kwamba rafiki anaweza kupita mlangoni kwako mwaka mzima asikuone. Adui hapitwi na kitu.

"Wewe mwanamke!" Sauti ilifika kabla yake. "Leo umerogwa? Matambara yote nje, na mimi nimekaa pale tangu asubuhi sijaona hata mpangaji mmoja akirudi kutoka kazini..."

Neno moja tu lilikuwa limebaki aseme, na mtu wangu nyuma ya mlango alikuwa ameshainua kichwa.

"Karibu, mwanangu," nikamkata.

Akasimama. Mimi na yeye neno "mwanangu" halikuwepo.

"Nani mwanao?"

"Nina mgeni leo," nikasema. Nikamtazama machoni, sikupepesa. "Nimempa alichotaka. Sasa nataka nimkaribishe chai."

Sijui kama ni sekunde mbili au kumi. Kuku mmoja alipita kati yetu akidonoa. Niliona maneno yake mwenyewe yakimrudia usoni, yale ya bombani. Macho yake yakatoka kwangu, yakaenda kwenye misumari mitupu, yakashuka kwenye ufa wa mlango karibu na bawaba, pale ambapo mtu akitazama vizuri ataona kiatu cha mwanamume.

Halafu akavuta pumzi, akanitukana kama hajawahi kunitukana. "Chai yako kanywe mwenyewe, bibi kizee usiye haya! Funguo zenyewe zimeshakushinda, sasa unaniita mwanao? Mimi mwanao mimi?" Akageuka, makalio yakazungumza yaliyobaki, akaenda zake.

Mtu wangu akacheka kidogo. "Hampendani."

"Hatupendani," nikasema.

Na redio ikazimwa.

Ninyi hamjui maana yake. Redio ile haikuzimwa hata umeme ulipokatika, maana ina betri. Ukimya ukashuka uani kama shuka zito. Juu, ghorofa ya tatu, nikamsikia fundi viatu anauliza ukuta, "Kwani redio imekufa?" Madada wa sokoni walikuwa ndio wanaingia getini, nikasikia mazungumzo yao yakikatika katikati ya neno. Wameona kamba. Hawakuja. Kuna mtu aliyewaonyesha kwa mkono wangoje.

Saa nane na dakika ishirini na nane.

Nikazisikia hatua. Kiatu cha kulia cha Kimya kilibandikwa kisigino na fundi viatu, kisigino cha mpira wa gari, kinadunda chini kizito kuliko chenzake. Kutoka barabarani, getini, ndani. Uso wangu lazima ulinisaliti, kwa sababu yule aliinuka, mkasi mkononi, akajibana ukutani nyuma ya mlango.

Hatua zikaja. Nikafungua mdomo nimwonye.

"Wewe!" Mama Redio akapaza sauti uani. "Nakungoja tangu asubuhi, dawa imeniganda kwenye bakuli! Mteja gani huyu asiyejua saa? Lete kichwa hicho!"

Kitu kikakokotwa, maji yakamwagika. Yule mwanamume akachungulia ufani, na mimi nikachungulia chini ya kwapa lake. Niliona migongo miwili inakwenda upande wa pili wa ua: Mama Redio, na mtu aliyefunikwa taulo kichwa kizima, shuka la plastiki la saluni limemfunika koti lake la kazi mpaka magotini, anasukumwa kama toroli.

"Nani yule?"

"Mteja wake."

"Anamsukuma hivyo?"

"Ndiyo maana hana wateja."

Hakucheka. Alikuwa anatazama chini. Shuka la plastiki liliishia magotini, na chini ya magoti kulikuwa na viatu vyeusi vya kazini, cha kulia kinadunda.

"Mwendo ule," akasema polepole. "Mwendo ule naujua."

Akavuta mlango, akatoka.

Nilifanya jambo moja tu la kijinga na la maana. Nilishika ovaroli yake kwa nyuma kwa mikono miwili, nikakaa chini. Mwili wangu si mkubwa, lakini mfuko wa mchele mtu haukokoti kwa urahisi. Aliniburuta hatua mbili, akageuka kunibandua. Hatua mbili hizo zilitosha. Fundi viatu alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho, nyundo mkononi, akili yake hatimaye imepinda. Na madada wa sokoni watatu. Na mwalimu amekumbatia madaftari. Na dereva wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa amerudi kulala. Kila mmoja alikuwa ameona kitambaa chake kwenye kamba, kila mmoja alikuja kuuliza nani kafungua mlango wake. Wakamkuta.

"Nipisheni."

"Ufunguo kwanza," fundi viatu akasema. Hakujua ni ufunguo gani, alikuwa akifikiria wa kwake. Lakini lilikuwa neno zuri.

"Nimemfuata mke wangu. Mambo ya nyumba yangu hayawahusu."

"Nyumba yako iko wapi hapa?" dada mkubwa akauliza. "Hapa tunapanga sote."

Nikainuka kwa kushikilia ukuta. Nikauchukua ule mkono wa gauni, nikauinua juu, wauone. Ulining'inia pale na vishikizo vyake viwili na nyuzi zake. Wote walikuwa wanakumbuka lile gauni. Wote walimwona akiingia nalo siku ya kwanza.

"Umechanwa," mwalimu akasema, kwa sauti ndogo, kama anayesahihisha daftari.

Wakasogea. Hakuna aliyempiga. Walisogea tu, bega kwa bega, mpaka akabaki na njia moja, ya getini. Akaangusha mkasi. Akatoa ufunguo, akatoa simu yangu, akaviweka chini kwenye vumbi. Dereva na fundi viatu wakamshika huku na huku, wakasema wanakwenda naye kituo cha polisi. Getini akageuza shingo, akaupigia kelele ua mzima:

"Nimeshajua unapokaa!"

Hilo ndilo lililobaki hewani baada ya geti kufungwa. Polisi wangemweka siku moja, mbili. Lile neno lisingewekwa ndani.

Kimya alitoka kwa Mama Redio, povu linamchuruzika shingoni. Akakata ua kichwa chini, kama siku zote, akasimama mbele yangu.

"Ulimpa ufunguo, bibi?"

Watu walikuwepo. Ningeweza kusema aliniibia. Ningeweza kusingizia macho.

"Nilimpa, mwanangu. Jumanne nilimweleza kila kitu, na leo nikampa. Nilitazama kitambaa, sikumtazama mtu."

Povu lilidondoka chini tone kwa tone. Halafu akanyoosha mkono, nikampa ule mkono wa gauni, na kile kipande nilichokificha kifuani nikampa. Akavishika pamoja, akavitazama jinsi vinavyolingana.

"Ungekuwa umelala leo," akasema, "ningeingia." Basi. Sikujua kama ananilaumu au ananishukuru, na mpaka leo sijui. Labda kwake yote yalikuwa kitu kimoja.

Saa kumi alikuwa ameshafunga mfuko wake. Mama Redio ndiye aliyeubeba, wakatokea mlango wa nyuma, wa kutupia taka. Alirudi peke yake jua linazama.

"Umempeleka wapi?" nikamuuliza.

"Usiniulize, bibi. Mdomo wako naujua."

"Kweli," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Funguo bado natunza. Ufunguo mmoja kwa chumba, mwenye nyumba hajabadilika. Ila sasa ukija na kitambaa chako nakuambia nitazame kwanza, vua kofia, simama kwenye mwanga. Fundi viatu analalamika kwamba namkagua kama bwana harusi. Na alalamike tu.

Mama Redio hajaniachia ufunguo wake, wala sidhani ataniachia. Lakini asubuhi anapiga kelele kutoka ng'ambo, "Shikamoo, mtu wa matambara!" nami naitika marahaba. Wiki iliyopita alikata ua, akaniangushia kitu mapajani bila kusimama. Kipande cha nguo, cha njano, kipya kabisa, urefu wa kidole. Nikakipeleka kwenye mwanga, nikapapasa ncha zake. Kimekatwa kwa mkasi.

"Na ufunguo?" nikauliza.

"Ufunguo anao mwenyewe."

Nikakifunga kwenye msumari wa zamani wa Kimya. Wageni wakiuliza kile cha njano ni cha chumba kipi, nawaambia chumba chake sikijui. Na safari hii sidanganyi.